Mgeni Aliyeingia Shimoni

Ndugu msomaji, zipo filamu za zamani ambazo mtu huzitazama kwa kuwa amekosa la kufanya jioni ya Jumapili, na zipo nyingine ambazo, ijapokuwa picha zake zimefifia na sauti zake zinakwaruza, humsumbua mtazamaji hata baada ya taa kuwashwa. "The Proud Valley", iliyotengenezwa Uingereza na kuonyeshwa mwaka 1940, ni ya kundi hilo la pili. Haina rangi. Urefu wake haufiki saa moja na nusu. Ndani yake hamna bastola wala magari yanayofukuzana. Kuna bonde moja la nchi ya Wales, kuna mgodi wa makaa ya mawe, kuna kwaya ya wanaume, na kuna mtu mmoja mweusi, mrefu, mwenye sauti nzito kama ngoma ya msondo, ambaye anafika pale kwa miguu akitafuta kazi.

Mtu huyo ni Paul Robeson. Yafaa tumfahamu kidogo, maana vijana wengi wa leo hawamjui. Alizaliwa mwaka 1898 huko Princeton, Marekani. Baba yake alizaliwa utumwani, akatoroka, na hatimaye akawa mchungaji wa kanisa. Mwana alisomea sheria, lakini jina lake likaenea duniani kwa uimbaji na uigizaji. Sisi tusemao Kiswahili tunayo sababu yetu wenyewe ya kumkumbuka: katika miaka ya 1930, alipokuwa akiishi London, alikwenda chuoni kujifunza lugha za Kiafrika, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Mwaka 1935 alicheza katika "Sanders of the River", filamu ambayo Jomo Kenyatta, aliyekuwa Uingereza wakati huo, alionekana ndani yake miongoni mwa waigizaji wadogo wadogo. Filamu ile Robeson aliikana baadaye, kwa sababu ilitukuza ukoloni. Hii ya wachimbaji hakuikana. Aliitaja kwa fahari.

Kisa chenyewe ni hiki. David Goliath, baharia asiye na meli, anapita barabarani katika kijiji cha wachimbaji. Kutoka dirisha la ghorofani anasikia kwaya ikifanya mazoezi, naye, akiwa amesimama chini, anaitikia. Mwalimu wa kwaya, Dick Parry, anashtuka. Sauti kama ile ndiyo aliyokuwa akiitafuta kwa ajili ya mashindano makubwa ya uimbaji. Lakini ili mtu aimbe katika kwaya ya mgodi sharti awe mchimbaji, basi Parry anampa mahali pa kulala nyumbani kwake na kumtafutia kazi shimoni. Baadhi ya wachimbaji wananung'unika kwamba hawataki kufanya kazi na mtu mweusi. Parry anawajibu kwamba chini kule wote ni weusi. Kisha gesi inalipuka. Parry anakufa. Mgodi unafungwa, kijiji kizima kinakaa bila mishahara, madeni ya dukani yanapanda, na wanaume wanaamua kutembea hadi London kuwaomba wenye mgodi waufungue. Wanapofika, vita vya mwaka 1939 vimeanza, serikali inataka makaa, nao wanaruhusiwa kurudi na kupasua njia mpya kuyafikia. Wakiwa chini, mwamba unaanguka na kuwafungia. Pamebaki jambo moja tu: mtu mmoja awashe baruti kwa mkono wake, afe, wengine watoke. Wanapiga kura. Kura inamwangukia Emlyn, mtoto wa Parry, kijana mwenye mchumba. David anampiga kijana huyo ngumi hadi anazimia, anashika baruti, na kwenda peke yake.

Niliitazama filamu hiyo mwezi uliopita nyumbani kwa dada yangu, Horohoro. Mhariri alikuwa amenipa kazi ya kuandika juu ya filamu za kale zinazohusu wafanyakazi, nami nilikuwa na safari ya kwenda huko kwa shauri jingine, hivyo niliibeba katika kompyuta yangu. Yule ambaye hajafika Horohoro na aelewe kwamba ni mji wa mpakani, yapata kilometa 65 kaskazini ya Tanga. Ng'ambo ni Lunga Lunga, Kenya. Malori hupanga foleni, mawakala wa forodha hukimbia na makaratasi, na vijana hukaa vivulini wakingoja mzigo wa kubeba. Kuna siku mzigo upo na kuna siku haupo.

Miongoni mwa vijana hao alikuwemo mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 22. Yeye ndiye lile shauri jingine nililolitaja. Dada alikuwa amenipigia simu mara tatu katika juma moja. Kijana ameamua kwenda bonde la Umba kuchimba vito, na hataki kusikia neno. Sisi ni Wadigo, msomaji, na kwetu mjomba ana neno lake juu ya mtoto wa dada yake. Baba anaweza kunyamaza, lakini mjomba akinyamaza watu husema hana haya. Basi nilikuwa nimekwenda kusema, ingawa njia nzima ndani ya basi sikujua nitasema nini.

Tulikula wali na samaki, tukaiweka kompyuta juu ya kigoda, watoto wa jirani wakaketi mbele juu ya mkeka. Nikawa mfasiri, maana Kiingereza cha watu wa Wales ni kigumu hata kwangu. Swali la kwanza la dada lilikuwa la mpishi: "Watu wanakufa chini ya ardhi kwa ajili ya mkaa? Kwani huko hakuna miti?"

Si swali la mzaha. Watu wa pwani tunapotamka neno makaa, huwa na maana ya makaa ya miti, ya gunia na jiko. Haya ya mawe ni misitu na matope ya kale yaliyofukiwa na kushindiliwa chini kwa mamilioni ya miaka hadi yakawa mwamba mweusi unaowaka. Ndiyo yaliyoendesha meli na treni za dunia kabla ya mafuta. Nikamwambia dada kwamba hata pwani yake mwenyewe imewahi kupata kisa cha makaa hayo. Mwaka 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika mlango wa Rufiji bila makaa ya kutosha ya kusafiria. Ujerumani ikatuma meli iitwayo Rubens, iliyojifanya kuwa ya Denmark, ikiwa na makaa kwa ajili ya manowari hiyo na silaha kwa ajili ya jeshi la nchi kavu. Mwezi Aprili ikafukuzwa na manowari ya Waingereza hadi ghuba ya Manza, hapo hapo kwetu kusini kidogo ya mpaka, ikazamishwa. Silaha na risasi nyingi ziliopolewa baadaye. Königsberg haikuyapata makaa yake, na mwezi Julai mwaka huo huo ikaangamia mtoni. Watoto wa jirani walisahau filamu kwa muda wakataka kujua kama meli bado ipo.

Nikawaeleza pia kwa nini makaa ya mawe huua kuliko machimbo mengine. Ndani ya mwamba ule mna gesi iwakayo, isiyo na rangi wala harufu. Mchimbaji akipasua mwamba, gesi hutoka. Ikichanganyika na hewa kwa kadiri fulani, cheche moja yatosha, na mlipuko wa gesi hutimua vumbi la makaa, nalo vumbi hulipuka kwa nguvu zaidi likikimbia kutoka njia moja hadi nyingine. Wale ambao moto haukuwafikia huuawa na hewa ya sumu inayobaki nyuma. Ndiyo maana mwaka 1815 ilibuniwa taa yenye wavu wa waya uliozuia mwali usiufikie mgodi, na ndiyo maana wachimbaji wa Uingereza walishuka na ndege wadogo ndani ya vizimba, ambao walilegea mapema kuliko binadamu hewa ilipokuwa mbaya. Pamoja na hayo, tarehe 14 Oktoba 1913, huko Senghenydd, Wales, mlipuko mmoja uliua wachimbaji 439. Hao waliotengeneza filamu hawakuwa na haja ya kubuni msiba.

Basi ile filamu ilipokwisha, David Goliath amekufa, mgodi umefunguliwa na kwaya inaimba, ubishi ukaanza. Dada alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya leso. "Mgeni mwema huyo," alisema. "Amekula chumvi ya watu, amelala nyumbani mwao, na deni lake amelilipa."

Mimi sikubaliani naye, na hata leo sikubaliani. Katika wote waliofungiwa shimoni, kwa nini mtunzi amchague yule mweusi? Kwa sababu ni rahisi. Hana mke wa kuonyeshwa akilia mlangoni. Hana mtoto, hana mama, hana hata kijiji tulichokiona. Akifa, hakuna nyumba inayobaki na kiti kitupu ila ile ya watu waliomkaribisha, nao wana mtoto wao Emlyn amerudi salama. Namheshimu Robeson kwa kuwa alimfanya mtu huyo awe mwanamume mzima mwenye hekima na utu, wakati ambapo Hollywood ilikuwa ikimpa Mwafrika kazi ya kubeba mizigo na kutoa macho. Lakini mkataba wa kisa chenyewe ni ule ule wa zamani: mgeni anapokewa kwa sauti na mabega yake, na siku ya hesabu yeye ndiye anayelipa. Inasemekana kwamba mwisho wa awali uliokusudiwa ulikuwa mkali zaidi, wachimbaji waufungue na kuuendesha mgodi wao wenyewe. Vita vilipoanza katikati ya kazi ya upigaji picha, mwisho huo ukabadilishwa ili wenye mali na wenye jasho wapatane kwa ajili ya taifa. Huo ungekuwa mwisho wa kutazamwa.

Mpwa wangu hakuwa amesema kitu muda wote huo. Alikuwa ameegemea mlango, nusu ndani nusu nje, kama vijana wafanyavyo wanapojua wazee wana jambo nao. Ndipo akauliza: "Mjomba, huyo David, nani alipeleka habari kwao?"

Tukatazamana. Filamu haisemi.

Swali hilo nimelichukua hadi Dar es Salaam na nimekaa nalo. Kwa kuwa, ndugu msomaji, ukizisoma habari za misiba ya machimbo katika bara letu utaona kwamba wengi waliokufa walikuwa wageni, watu waliotoka mbali. Tarehe 21 Januari 1960, mgodi wa makaa wa Coalbrook, Afrika Kusini, uliporomoka na kuua watu 435. Wengi wao walikuwa wametoka Lesotho, iliyoitwa Basutoland wakati huo, na Msumbiji. Miili yao haikutolewa. Imo humo hadi leo. Tarehe 6 Juni 1972, huko Wankie, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, mlipuko uliua zaidi ya watu 420, wakiwamo waliotoka Zambia, Malawi na Msumbiji. Hewa ilikuwa mbaya mno hata waokoaji wakasimamishwa, miili michache tu ikaletwa juu, na shimo likazibwa. Fikiri jinsi barua moja ilivyosafiri hadi kijiji kimoja cha Malawi, na ni nani aliyemsomea mama asiyejua kusoma.

Kwetu Tanzania tunayo makaa ya mawe. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988, ni wa chini ya ardhi. Na huko Ngaka, wilaya ya Mbinga, yanachimbwa kwa mashimo ya wazi na kupelekwa kwenye tanuru za saruji. Hata hivyo misiba yetu mikubwa imetokea katika vito. Mererani, kwenye tanzaniti, mwaka 1998 mvua ilijaza mashimo na kuua makumi ya vijana. Mwaka 2002 wengine wasiopungua 35 walikosa hewa. Mwezi Machi 2008 maji yaliingia tena, na tena wakafa kwa makumi. Na katika msiba ule wa mwisho, watu walikaa juu ya shimo kwa siku kadhaa wakibishana juu ya idadi. Wangapi walishuka? Wangapi walikuwa wametoka kabla ya mvua? Vijana walikuwa wamekuja kutoka mikoa mbalimbali, wakaitana kwa majina ya utani, wakashuka kwa mapatano ya mdomo, na mwenye shimo aliyelala mjini asingeweza kukutajia orodha.

Hapo ndipo ninapoikumbuka desturi moja ya wachimbaji wa makaa wa Uingereza. Kila mtu alikuwa na kibati cha shaba chenye namba. Alipochukua taa yake asubuhi, kibati kilionyesha kwamba yuko chini. Alipotoka, kilirudi mahali pake. Msiba ukitokea, hesabu ya waliobaki shimoni ilikuwa ubaoni. Kibati hakizuii gesi wala hakishikilii mwamba.  Lakini wachimbaji na vyama vyao walidai pia haki ya kuchagua wakaguzi kutoka miongoni mwao, kwa sababu walijua kwamba tajiri asiyekuhesabu ukiwa hai hatakutafuta ukiwa umefukiwa.

Usiku ule, basi, sikumkataza mpwa wangu. Najua baadhi yenu mtaniona mjomba gani huyu. Dada naye aliniona hivyo, na kwa siku mbili alinipa chai bila kunitazama. Lakini ningemkataza kwa lipi? Ningemwambia abaki kivulini akingoja lori? Bonde la Umba, nyuma ya Usambara, limetoa yakuti za kila rangi tangu miaka ya 1960, na wapo waliojenga nyumba za bati kwa jiwe moja, ingawa ni wachache, na wao ndio wanaosimuliwa. Kijana ana macho. Amekwisha kuwaona wenye pikipiki mpya. Ukimtolea hotuba juu ya hatari atakusikiliza kwa adabu, kisha alfajiri utakuta mkeka mtupu.

Nilimwambia mambo matatu, nayo nikayaandika katika daftari la shule la mdogo wake. Kwanza, jina la mwenye shimo na namba ya leseni yake. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Mtanzania na si siri, na asiyetaka kuionyesha ana sababu. Pili, kabla ya kushuka aone kwa macho yake magogo yanayoshikilia ukuta, aulize hewa inaingia wapi na pampu ya maji iko wapi, na siku ya mvua asishuke hata akiitwa mwoga. La tatu aliliwahi yeye mwenyewe: kuwe na daftari juu ya shimo, na jina lake liandikwe humo kila anaposhuka, pamoja na namba ya simu ya mama yake.

"Wakikataa?" dada aliuliza kutoka jikoni, ingawa tulidhani hasikilizi.

"Wakikataa narudi," kijana akasema. Alisema upesi mno, na dada alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Aliondoka Jumanne, kwa basi hadi Maramba na kisha kwa pikipiki. Baba yake alimpa viatu vyake vya kazi, vinavyompwaya. Dada alimfungia mihogo ya kukaanga na hakutoka nje kumtazama akiondoka.

Baada ya siku tisa alipiga simu kutoka juu ya kilima, mahali ambapo mtandao unapatikana. Shimo lina magogo, pampu ipo, leseni ameiona na namba yake ameisoma polepole nami nikaiandika. Wako 11. Daftari halikuwapo, alipolitaja walimcheka, kisha mzee mmoja kutoka Singida, aliyefiwa na ndugu yake Mererani, akasema kijana ana akili, akanunua daftari kwa fedha yake. Sasa kila asubuhi wanaandikwa. Dada, aliyekuwa amesogeza sikio karibu na simu yangu, akauliza jina lake limeandikwaje.

Kijana akasita. Pale shimoni, akasema, hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mpakani, na mzee ameandika hivyo hivyo: Mpakani.

Dada alininyang'anya simu. Alitaja jina kamili la mwanawe, la baba yake na la babu yake, herufi kwa herufi, akamwamuru alirudie, kisha akamwambia aende kwa yule mzee usiku huo huo, asingoje asubuhi.